Mitishamba na seli za saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Ukipita Kongowea kwa wauza dawa za miti, au ukikaa barazani Mji wa Kale baada ya alasiri, hukosi kusikia kwamba jani fulani limepimwa maabara likaonekana linaua saratani. Mara nyingi ni kweli limepimwa. Mgogoro uko kwenye hilo neno "linaua", na kwenye haraka ya kutoka hapo hadi kwenye sufuria ya mgonjwa. Maswali nimeyaacha yafuatane kama watu wanavyoyauliza, kwa hiyo majibu mengine ni marefu na mengine hayafiki mistari miwili.

Kuna dawa yoyote ya saratani ya hospitali iliyotoka kwenye mti?

Zipo, na si haba. Iliyo karibu nasi zaidi ilitoka kwenye vinka, lile ua dogo jeupe au la waridi linaloota mbele ya nyumba na kando ya njia Pwani nzima. Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 watafiti wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyafanyia kazi majani yake yaliyotoka Jamaika, ambako watu walikunywa chai yake kutibu kisukari. Sukari ya panya wao haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, na hapo wakang'amua jambo, maana saratani ya damu ni chembe nyeupe zilizopita kiasi. Ikatoka vinblastini, kisha vinkristini, ambayo Marekani iliidhinishwa mwaka 1963. Hadi leo vinkristini ni nguzo ya matibabu ya watoto wenye saratani ya damu.

Nyingine ni paklitakseli, ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya titi wanaijua kwa jina kwa sababu wameketi nayo kwenye dripu. Magamba ya mti wake, aina ya myuu wa Pasifiki, yalichumwa Marekani mwaka 1962. Umbo la kemikali yake likajulikana 1971, jinsi inavyofanya kazi 1979, na kibali kikaja 1992. Miaka 30 kutoka gamba hadi chupa.

Angalia hapo kwenye vinka: chai ya kisukari haikutibu kisukari. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona kwamba mti ule una nguvu, lakini nguvu hiyo ilikuwa ya kazi nyingine kabisa. Na tafadhali, usiende kuchemsha vinka. Vinkristini hupigwa kwenye mshipa, kwa kawaida si zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, na ikizidi inaharibu neva hadi mtu ashindwe kutembea.

Jani likiua seli za saratani maabarani, mbona lisiitwe dawa?

Kwa sababu kuua seli kwenye sahani ya maabara ni kazi nyepesi mno. Chumvi nyingi inaziua. Siki inaziua, sabuni ya kufulia inaziua, dawa ya kutoa madoa sikwambii, na hata maji matupu yanazipasua. Seli hizo ziko uchi. Hazina tumbo la kusaga dawa wala ini la kuichuja, na hazina figo za kuitoa. Kile ulichokidondosha juu yake kinazifikia chote, papo hapo.

Kazi ngumu ni kumuua mmoja na kumwacha jirani yake. Seli ya saratani ni seli ya mwili huohuo, imezaliwa mle mle. Kwa hiyo swali la mtafiti makini si "imeua?" bali "imeua kwa kiasi gani, imeacha nini, na je, kiasi hicho kinaweza kufika kwenye uvimbe wa mtu aliye hai?" Habari nyingi zinazosambazwa kwa sauti za WhatsApp huishia kwenye swali la kwanza.

Hizo seli hutoka wapi? Ni za maiti?

La. Ni seli zilizotolewa kwa wagonjwa zamani na zikaendelea kugawanyika maabarani bila kukoma. Maarufu zaidi ni HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa akitibiwa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Hakuombwa ruhusa. Yeye alifariki mwaka huohuo, seli zake ziko kwenye majokofu ya dunia nzima. MCF-7 ni za titi, Hep G2 ni za ini, PC-3 ni za tezi dume. Kwa kulinganisha na seli zisizo za saratani, maabara nyingi za kwetu hutumia Vero, zilizotoka kwenye figo ya tumbili. Mimi Vero hazinitoshelezi sana, kwa sababu figo ya tumbili si titi la binadamu, lakini ni rahisi kutunza na hazifi ovyo, basi watu huzitumia.

Jaribio lenyewe linakwendaje, tangu mtini hadi kwenye jibu?

Huanza na jina. Wengi Mombasa wanaposema mkilifi wanamaanisha mwarobaini, lakini jina moja la kienyeji laweza kubeba miti miwili, na mti mmoja ukawa na majina matatu kati ya Likoni na Lunga Lunga. Kwa hiyo tawi lenye maua au matunda hubanwa katikati ya magazeti likauke, likaandikwa limechumwa wapi, lini na nani, kisha likapelekwa kwa wataalamu wa mimea walitambue. Hifadhi kubwa ya matawi kama hayo iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Utafiti usio na tawi la ushahidi siupi uzito, hata uwe na jedwali zuri namna gani.

Pili ni kukausha, na Mombasa kukausha ni mtihani. Majani huanikwa kivulini maana jua kali huharibu baadhi ya kemikali. Sasa njoo wakati wa masika: hewa imejaa maji, jani la asubuhi mchana laonekana kavu, jioni limelegea tena, na baada ya siku chache unaona utando mweupe umeanzia kwenye ule mshipa wa katikati. Hilo hutupwa, hata kama limetoka mbali na kwa taabu. Ukungu una sumu zake, na sumu hizo zinaweza kuua seli halafu jani likapewa sifa isiyo yake. Feni, chumba kikavu na kugeuza majani mara kwa mara ndiyo siri yote.

Likishakauka husagwa, na unga huloweshwa. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu hulipita haraka. Wengi maabarani huloweka kwa methanoli, kwa kuwa inakamua vitu ambavyo maji hayavigusi. Mgonjwa hanywi methanoli, na asinywe maana inapofusha na kuua. Kwa hiyo ukisoma kwamba dondoo (yaani kile kilichokamuliwa jani) la methanoli lilikuwa kali na la maji halikufanya kitu, elewa kuwa bibi aliyechemsha jani hilohilo kwenye sufuria hakupata alichopata mtafiti. Moto nao una neno lake. Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria ya artemisinini, alifanikiwa alipoacha kukamua kwa joto kali. Kabla ya hapo mmea ulikuwa uleule, na majibu yalikuwa yakiyumba.

Dondoo huchujwa, kiyeyushi kikavukizwa, na kinachobaki mara nyingi ni kitu cheusi cha kunata kama lami chini ya chupa. Hupimwa kwa mizani, kikayeyushwa kwa tone la DMSO, kiyeyushi cha maabara, kisha kikapunguzwa makali hatua kwa hatua.

Wakati huo seli zimekwisha kupandwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kidogo kuliko ncha ya kidole. Zinakaa kwenye kabati la nyuzi 37 lenye kaboni dayoksaidi asilimia 5. (Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, kazi ya wiki nzima imekwenda.) Vishimo vingine hupewa dondoo kwa viwango tofauti. Vingine hupewa DMSO peke yake, ili ijulikane kwamba si kiyeyushi kinachoua. Vingine hupewa dawa inayojulikana, kama doksorubisini, ili kuwe na cha kulinganisha nacho.

Baada ya saa 48 au 72 hutiwa MTT, kemikali ya manjano. Seli iliyo hai huibadilisha kuwa fuwele za zambarau, na chini ya hadubini unaziona kama visindano vilivyotawanyika juu ya seli. Iliyokufa haibadilishi kitu. Fuwele huyeyushwa, mashine ikasoma rangi kwenye nanomita 570 hivi: zambarau nzito ni uhai mwingi, rangi hafifu ni vifo. Njia hii ilichapishwa na Mosmann mwaka 1983, na kwa kuwa ni rahisi na si ghali, ndiyo inayotumika sana.

Yote hayo hurudiwa, siku tofauti, kwa seli zilizopandwa upya. Jibu la mara moja si jibu.

Wanaandika "IC50". Ni nini hiyo?

Ni kiasi cha dondoo kinachopunguza uhai wa seli kwa nusu. Nambari ikiwa ndogo, dondoo ni kali. Kwa dondoo ghafi, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliweka kizingiti cha mikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita: likipita hapo, yaani likihitaji kiasi kikubwa zaidi, halifuatiliwi. Kwa kemikali iliyokwisha kutengwa ikawa safi, kizingiti ni kama mikrogramu 4. Ukikuta mtu anashangilia mikrogramu 400 kwa mililita, mpe pole.

Kisha gawanya IC50 ya seli za kawaida kwa IC50 ya seli za saratani. Ukipata 1, dondoo lako ni sumu ya kila kitu. Watafiti wengi wanataka angalau 3, na mimi nikiona 10 ndipo nainua kichwa.

Rangi haiwezi kudanganya?

Inadanganya sana. Majani mengi yana vitu vinavyobadilisha MTT kuwa zambarau hata pasipo seli hata moja, basi mashine ikadhani kuna uhai. Mengine yana rangi yake nzito inayochanganyika na ile inayosomwa. Ndiyo maana lazima kuwe na vishimo vyenye dondoo bila seli, na ndiyo maana mhakiki mzuri huuliza kama jaribio lilirudiwa kwa njia nyingine isiyotegemea rangi hiyo.

Na stafeli? Kila mtu anasema majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko kemo.

Hiyo nambari ina asili yake. Mwaka 1996 wanakemia walichapisha kwamba kemikali moja waliyoitenga kwenye mbegu za stafeli iliua seli za saratani ya utumbo mpana kwa kiasi kidogo mara 10,000 kuliko adriamisini, ambayo ni hiyo doksorubisini. Soma tena: kemikali moja, iliyotengwa, ya mbegu, kwa aina moja ya seli, kwenye sahani. Sentensi hiyo ilivyozunguka dunia ikapoteza mbegu, ikapoteza sahani, ikafika kwetu ikiwa chai ya majani.

Hakuna jaribio kubwa la wagonjwa lililoonyesha kwamba stafeli inaponya saratani. Upande wa pili una mashaka. Anonasini, iliyomo kwenye stafeli, huzima vinu vya nishati ndani ya seli, na seli za ubongo haziachwi. Kisiwani Guadeloupe, ambako watu hula tunda hilo na kunywa chai yake kwa wingi, madaktari waliripoti mwaka 1999 ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usio wa kawaida, wakauhusisha na matumizi hayo. Kula stafeli lako likiiva, juisi yake tamu. Kunywa majani yake kutwa mara tatu kwa miezi ni jambo jingine.

Manjano je? Na habasoda?

Manjano hayana ubaya kwenye pilau wala mchuzi. Kurkumini yake inaua seli nyingi sahanini, lakini pia ni bingwa wa kuvuruga vipimo, kwa kuwa inang'aa, inavunjika haraka na kugandamana na protini ovyo. Wagonjwa waliopewa gramu 8 kwa siku walikutwa na kiasi kidogo mno kwenye damu. Mwaka 2017 kundi la wanakemia lilipitia tafiti zake kwa mamia na kukuta hakuna jaribio la wagonjwa lenye kulinganisha na dawa bandia lililofaulu waziwazi.

Habasoda ni swali la moyoni hapa Mombasa, kwa sababu ya hadithi ya Mtume inayojulikana na kila aliyepita madrasa. Timokwinoni, kemikali iliyomo ndani yake, imeonyesha makali sahanini na kwa panya, ila kwa wagonjwa wa saratani ushahidi bado ni mchache. Simwambii mtu aache imani yake. Ninachomkumbusha ni kwamba kuna hadithi nyingine iliyo mashuhuri pia, ya kuamrisha watu watafute tiba, na kwenda kliniki ni katika kutafuta.

Ni kweli Wazungu walichukua mti wa saratani Shimba Hills?

Ni kweli, na ajabu ni kwamba wakazi wengi wa Mombasa hawajui, ilhali Shimba Hills unavuka kivuko tu na kupanda Kwale.

Kuanzia 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipima dondoo za mimea ya dunia nzima, aina kama 35,000. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali waliyoiita meitansini, kutoka kwenye mti wa jamii ya Maytenus uliochumwa Ethiopia. Ilikuwa kali ajabu, lakini ndani ya mti ilikuwa kidogo mno, na wakaanza kutafuta mti wenye nyingi zaidi. Waliukuta Shimba Hills: Maytenus buchananii, ambao imeandikwa kwamba Wadigo walikuwa wakiutumia kwa maradhi yanayofanana na saratani. Katika miaka ya 1970 zilikusanywa kilo 27,215 kwa ajili ya uchunguzi. Waandishi wa mambo ya hifadhi wanasema miti yote iliyokomaa ya aina hiyo katika eneo lile ilikwenda, na miaka minne baadaye waliorudi kutaka zaidi walihangaika kuipata.

Halafu meitansini ikajaribiwa kwa wagonjwa na kushindwa. Kiasi cha kutibu kilikuwa karibu mno na kiasi cha kudhuru, watu walitapika, walihara, neva zikaumia. Ikawekwa kando. Hapo hadithi ingekwisha, lakini haikwisha. Wanasayansi walichukua ndugu wa kemikali ileile, wakaifunga kwenye kingamwili inayotambua seli za saratani ya titi zenye protini ya HER2 kwa wingi. Kingamwili inaibeba sumu hadi mlangoni mwa seli husika, na sumu inafunguliwa ndani. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Leo malighafi yake haitoki mtini. Inatoka kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi, na utafiti umeelekeza kwamba hata kwenye miti ya jamii hiyo, watengenezaji halisi ni vijidudu vinavyoishi mizizini.

Kwa hiyo tani 27 za Kwale hazikuwa za lazima kwa dawa iliyopo sasa. Ila wakati ule hakuna aliyejua, na waliokuwa wakiutumia mti kabla ya hapo hawakukalishwa kwenye meza yoyote ya kugawana.

Siku hizi sheria inasemaje?

Inasema mengi, na utekelezaji ni habari nyingine. Mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Akichukua mmea kwa ajili ya kuchunguza kemikali au jeni zake, kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za 2006. Akiingia hifadhi ya wanyama, kibali ni cha KWS, shirika la wanyamapori. Mkataba wa Nagoya kuhusu kugawana manufaa ulipitishwa 2010 na ukaanza kufanya kazi Oktoba 2014, na Kenya ni mwanachama. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka ridhaa ya jamii kabla ya maarifa yake kutumiwa.

Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, ina ulinzi wake wa ziada. Mingi imetangazwa kuwa maeneo ya kumbukumbu ya kitaifa, na tangu 2008 kaya kadhaa za Mijikenda ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini hata bila UNESCO, usichume kitu kaya bila wazee. Watakujua.

Namjua mtu aliyepona kwa mganga. Mtamwita mwongo?

Simwiti mwongo. Namwuliza maswali. Uvimbe ulichukuliwa kipande ukapimwa, au uliguswa tu? Uvimbe mwingi wa titi si saratani na mwingine hupungua wenyewe. Alifanyiwa upasuaji au kemo kabla ya kwenda kwa mganga? Hapo nani aliyemponya? Na amepona kwa kipimo gani: picha mpya, au maumivu yamepungua? Maumivu hupungua kwa mambo mengi, pamoja na kukaa na mtu anayekusikiliza, jambo ambalo waganga wetu wanalijua kuliko madaktari wengi.

Mwaka 2011 maelfu walivuka mpaka kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha Babu. Waliorudi wakisema wamepona tuliwasikia sana. Wale waliorudi wakaacha dawa zao na kuzikwa, sauti yao haikusikika redioni.

Ninywe mitishamba huku naendelea na kemo?

Mwambie daktari wako kabla, si baada. Dawa nyingi za kemo husafishwa na ini, na mimea mingi huchezea vimeng'enya vyake. Mmea mmoja unaweza kuipandisha dawa ikawa sumu, mwingine ukaishusha isifanye kazi. Kuna mimea inayofanya damu iwe nyepesi wakati chembe za kugandisha damu tayari ziko chini. Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile ya Makadara, ina kituo cha saratani. Mpelekee daktari au mfamasia jani lenyewe au pakiti yake, usimwambie tu "dawa fulani ya kijani". Wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa. Mgonjwa akikaripiwa, kosa ni la aliyemkaripia. Asiache kusema.

Na nikiacha kemo kabisa, nitumie miti peke yake?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa wagonjwa wa Marekani wenye saratani ambayo haijasambaa: waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya waliotibiwa hospitali, na kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Hao walikuwa na saratani ya kutibika. Hapa kwetu wengi hufika kliniki imekwisha kusambaa, na mara nyingi miezi iliyopotea ilipotelea kwenye chupa za dawa ya kuchemsha.

Si mitishamba ni ya asili, haina madhara?

Nyoka naye ni wa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ubelgiji, wanawake waliokunywa dawa ya mimea ya kupunguza uzito iliyochanganyika na Aristolochia waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Yaani mmea wenyewe ulileta saratani. Na unga uliokaushwa vibaya unaweza kubeba aflatoksini, ileile ya mahindi mabovu, inayoleta saratani ya ini.

Tangu sahani hadi duka la dawa ni miaka mingapi?

Mara nyingi 10 hadi 15, ikifika. Nyingi hazifiki. Panya kwanza, kisha watu wachache kupima usalama, kisha wengi zaidi kupima kama inafaa, kisha mamia kwa maelfu kuilinganisha na dawa iliyopo.

Wapi wanafanya kazi hii?

KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo cha utafiti wa dawa za asili, Nairobi. Pwani kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Kuuza dawa ya mitishamba kwa umma ni jambo la Bodi ya Famasia na Sumu, na kusajiliwa kwa bidhaa hakumaanishi imethibitishwa kuponya saratani. Muuzaji akikuonyesha cheti, kisome kimeandikwa nini hasa.

Babu ametuachia mti anaoujua yeye tu. Nataka upimwe lakini sitaki kuibiwa. Nianzie wapi?

Anza kwa kuandika. Jina la mti kwa lugha yenu, sehemu inayotumika, unatumika kwa ugonjwa gani, unatayarishwa vipi na kwa kiasi gani, na nani aliyewafundisha. Weka tarehe, mashahidi wawili watie sahihi, nakala moja ikae kwa wazee. Maarifa yakiwa ya jamii nzima, si ya nyumba moja, ongeeni na wenzenu mapema, maana mzozo wa ndani huua jambo kabla mgeni hajafika.

Mtafiti akija, omba kuona leseni na vibali, na uchukue nakala. Mkataba uwe wa maandishi, kwa lugha unayoisoma, ukisema nani ataandikwa jina kwenye chapisho, nini kitatokea kikipatikana cha kuuzwa, na kwamba mtaletewa majibu hata kama ni ya kukatisha tamaa. Akisema "tutaelewana baadaye", mwambie arudi hiyo baadaye. Toa majani kabla ya magamba, na magamba kabla ya mizizi, kwani mti uliong'olewa hauchumwi tena. Na ukiombwa gunia zima, uliza ni la nini: kwa jaribio la kwanza la seli, kilo moja ya majani makavu inatosha na kubaki.